Gitaa Lisikike, Maneno Yasifunikwe

Ukimwona mpiga gitaa anageuka nyuma kila baada ya ubeti kugusa kitufe cha voliumu, usimlaumu haraka. Hajisikii. Nyumbani gitaa lake lilikuwa tamu, nene, linang'ara. Hapa ukumbini Chake Chake kinanda kimeshaanza, besi imeingia, mwimbaji ameshika maikrofoni, na yeye anaona vidole vyake vinatembea juu ya shingo ya gitaa bila kusikia kinachotoka. Anaongeza. Mpiga kinanda naye sasa hajisikii, anaongeza. Fundi mitambo anaona maneno ya mwimbaji yamezama, anapandisha maikrofoni, na maikrofoni inaanza kupiga mluzi. Kufika wimbo wa tatu kina mama waliokaa mbele wameziba masikio kwa mitandio, na shairi walilolijia hawakulisikia.

Dawa yake si voliumu. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu, ampilifaya inatakiwa itoe nguvu mara 10 hivi. Mwenye ampilifaya ya wati 50 ataipata wapi ya wati 500? Na akiipata, mwenzake wa kinanda atakaa kimya? Katika bendi gitaa hutafutiwa nafasi ambayo vyombo vingine havijaikalia, kisha likae hapo hapo bila kutanua. Ni kama abiria wa daladala ya Wete: wote watafika, ila kila mmoja abane magoti yake.

Bendi ninayoizungumzia ni ile inayopiga harusini na siku za Idi kwetu Pemba: taarab ya kisasa. Kinanda kimoja au viwili, gitaa la solo, besi, pengine la rizimu, ngoma zinazotoka ndani ya kinanda au kwa mpigaji aliyekaa nyuma, na mwimbaji mbele ya wote. Udi, kanuni, fidla na nai za taarab asilia, ile ya Ikhwani Safaa iliyoasisiwa Unguja mwaka 1905, zina desturi zake, na wapigaji wake wengi hawahitaji ushauri wangu. Gitaa la umeme lina historia nyingine. Liliota mizizi katika taarab ya Tanga miaka ya 1960, kwenye vikundi kama Black Star na Lucky Star, kisha likavuka mkondo ule ule ambao tangu 2010 unapitisha chini ya bahari waya wa umeme unaotuwashia taa. Umeme kutoka Tanga, gitaa kutoka Tanga. Lawama za kelele tu ndizo zetu wenyewe.

Kwanza tuone kwa nini sauti nzuri ya chumbani huharibika jukwaani. Sikio la binadamu halisikii sauti zote sawasawa. Muziki ukiwa mdogo, sikio linapoteza besi na kupoteza sehemu ya trebo, na linashika zaidi sauti za kati. Jambo hili lilipimwa na kuchorwa tangu 1933 na wanasayansi wawili wa Marekani, Fletcher na Munson. Kwa hiyo mtu anayejipigia chumbani usiku, ameshusha sauti ili asiwaamshe wazee, anaona gitaa lake halina kishindo. Anapandisha besi, anapandisha trebo, anashusha ya kati. Sasa linamfurahisha. Kesho yake analibeba na mipangilio ile ile hadi ukumbini, anafungua voliumu, na sikio halihitaji tena msaada ule. Besi aliyoiongeza inagongana na gitaa la besi na kinanda, trebo inakata kama wembe, na sauti ya kati, mahali ambapo gitaa linaishi, ndiyo aliyoiondoa kwa mkono wake mwenyewe.

Kanuni ya kwanza basi: sauti ya gitaa ipangwe kwa ukubwa utakaopigia, bendi nzima ikiwa inapiga. Gitaa likiwa zuri sana peke yake, lishuku. Ukiwasikia wapigaji wazuri wakiwa peke yao, mara nyingi utaona gitaa lao kavu, la puani kidogo, halina unene. Liingize kati ya vyombo vingine, utalisikia kila nukta.

Pili, zijue namba. Hazina ugumu, na ukizijua hutagusa vitufe kwa kubahatisha. Uzi mnene wa gitaa, ule wa sita, ukipigwa mtupu unatoa mtetemo wa hezi 82. Uzi mnene wa besi unatoa 41, nusu yake kamili. Uzi mwembamba wa gitaa mtupu ni 330, na ukiupanda hadi freti ya 12 unafika 659. Sauti ya mwimbaji wa kike huanzia karibu 200 kwenda juu. Ya mwanamume huanza chini ya hapo. Lakini kinachofanya neno lieleweke, zile konsonanti, 't' na 'k' na 's' na 'ch', kinakaa juu zaidi, kati ya hezi 2000 na 4000. Huko huko ndiko mlio wa ukucha au piki ikigusa uzi unakokaa, na huko ndiko sikio lilikofunguka kuliko kokote. Ugomvi wa gitaa na mwimbaji unazaliwa hapo. Ugomvi wa gitaa na besi unazaliwa chini, kati ya 80 na 250. Na ugomvi wa gitaa na kinanda? Huo uko kila mahali, maana kinanda kinaweza kupiga kotekote kwa mikono miwili, na mpigaji wake akijisahau, hupiga kotekote kweli.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, angalia unachopiga. Hapa ndipo vijana wanapopita haraka, na hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pedali zote za dunia. Kinanda kikishika kodi nzima kwa sauti ya fidla, wewe kupiga kodi ya nyuzi sita ni kurudia maneno ya mwenzio. Piga nyuzi tatu za juu tu. Uzi wa sita na wa tano mwachie mwenye besi, isipokuwa akinyamaza. Kama kinanda kinacheza katikati, panda na gitaa hadi freti ya 7 au ya 9. Kikipanda juu kuiga kodiani au nai, shuka wewe. Mwenye rizimu abane nyuzi kwa kiganja, sauti iwe fupi, ikate na kuacha nafasi. Sauti ndefu hula nafasi hata ikiwa ndogo.

Wazee wa dansi walilijua hili bila kipimo chochote. Docteur Nico wa Kongo alipiga solo huku kaka yake, Dechaud, akipiga la pili, na magitaa mawili ya ndugu hawa wa African Jazz hayakukanyagana: moja juu, moja katikati, moja linauliza na jingine linatembea. DDC Mlimani Park Orchestra ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1978 iliyapanga magitaa matatu na besi kwa utaratibu wa namna hiyo. Na kama una simu na spika za masikioni, tafuta Sina Makosa ya Les Wanyika, kundi lililoundwa Nairobi mwaka huo huo wa 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika. Sikiliza mara ya kwanza besi peke yake. Rudia, ushike rizimu peke yake, kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuyumba. Rudia tena ufuate solo. Utaona rizimu ni jembamba mno. Mtu akikuletea sauti ile peke yake dukani hutanunua gitaa hilo. Wembamba ule ndio unaoiachia besi chumba kizima.

Jambo jingine lililo mikononi kabla ya vitufe: lini upige. Taarab ni maneno. Mtu anatoka Konde au Mkoani, anavaa, analipa, anakaa, kwa ajili ya kusikia fumbo limemwendea nani, na anapoinuka kumtunza mwimbaji ni kwa sababu ya mshororo uliomgusa. Solo likipigwa juu ya mshororo huo, hata kwa sauti nzuri namna gani, ni uvamizi. Mwimbaji akifunga kinywa, wewe jibu. Akifungua, shuka, shika nyuzi mbili au nyamaza kabisa. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz aliimba na kupiga solo yeye mwenyewe, na msikilize: gitaa lake linajaza pale sauti yake inapopumua. Hakuna ikwalaiza inayofanya kazi hiyo vizuri kuliko kunyamaza.

Na kuna kasoro ambayo huonekana kama ya sauti, kumbe ni ya kupatanisha nyuzi. Nyimbo nyingi zenye asili ya Kiarabu zimejengwa juu ya maqamu kama Rast au Bayati, ambazo zina sauti zinazokaa katikati ya freti mbili. Fidla inazipata kwa kuteleza kidole, kinanda kinazipata mpigaji akishusha vibonye fulani kwa robo. Gitaa lenye freti halizipati. Ukipiga nota yako iliyonyooka juu ya ile ya kinanda iliyoshushwa, kitatoka kitu kichafu, kina mtikisiko, na fundi mitambo atahangaika kukisafisha kwa kushusha hiki na kupandisha kile. Hakisafishiki. Iruke nota hiyo, piga zilizo jirani, au uivute kwa kidole kama unaweza. Wimbo ukiwa wa Hijazi au Nahawandi huna tatizo hilo, jimwage.

Sasa vitufe. Chukua ampilifaya yako, weka vyote katikati, halafu shusha besi mpaka robo. Ndiyo, kabla hujasikia chochote. Usiogope. Ampilifaya nyingi zilizofuata mtindo wa Fender, hata vitufe vikiwa katikati, sauti ya kati huwa tayari imebonyea, kwa hiyo ya kati ipandishe kidogo kupita nusu. Trebo iache hapo hapo kwanza. Voliumu ya kwenye gitaa lenyewe iweke 7, usifungue yote, maana zile tatu zilizobaki ni akiba yako ya solo: zamu yako ikifika unafungua kwa kidole kidogo, ikiisha unarudi. Anayepiga rizimu na solo zote kwa 10 hana pa kwenda.

Kisha bendi ipige ile sehemu yenye fujo kuliko zote, kiitikio ambacho wote wanapiga na wote wanaimba. Wengi hujaribu vyombo kimoja kimoja: "haya gitaa... haya besi... haya kinanda," kila mmoja anatafuta sauti ya kumfurahisha, halafu wakikutana ni vurugu. Kumjaribu mtu peke yake ni kwa kujua kama waya unafanya kazi tu. Sauti hupangwa kwenye kiitikio.

Nilikuwa Wete kwenye uwanja wa nyumba moja ya harusi, kabla ya magharibi, turubai limeshafungwa na spika zimeshapandishwa juu ya meza. Kijana wa gitaa, mwepesi wa vidole kuliko wengi niliowasikia, alikuwa na sauti nene ya kupendeza, na kila kinanda kikiingia alipotea. Nikaiomba bendi irudie kiitikio bila kusimama, nikazungusha besi ya ampilifaya yake taratibu kuelekea chini. Kitu cha ajabu, aliyefurahi kwanza ni mwenye besi. Aliinua kichwa kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Nikapandisha ya kati mpaka gitaa likaanza kusema. Kijana akakunja uso.

"Ami, mbona limekuwa jembamba hivi?"

"Jembamba ukiwa peke yako. Piga."

Akapiga. Nikamtuma mdogo wake asimame mwisho wa turubai, pale wanapokaa wapishi, anyooshe mkono akilisikia gitaa. Mkono ukapanda kila kijana alipogusa uzi, na voliumu ilikuwa chini kuliko alipoanza.

Mtu wa kusimama mbali ni muhimu, maana spika ya gitaa ya inchi 12 hurusha trebo mbele yake kama tochi. Ukisimama karibu yake, imewekwa chini sakafuni, inapiga magoti yako, na magoti hayana masikio. Wewe unaona sauti imefifia, unaongeza trebo, na aliyekaa safu ya tatu mbele yako anatobolewa. Iinue. Ipandishe juu ya kreti la soda, au iegemeze ukutani itazame juu, ikupige usoni. Hapo utasikia wanachosikia watu, na nakuhakikishia utaipunguza trebo kwa hiari yako.

Lakini najua wengi hatuna ampilifaya ya gitaa. Gitaa linaingia moja kwa moja kwenye mixa, linatoka kwenye spika zile zile za mwimbaji na kinanda. Hali hii inataka uangalifu wa aina yake. Spika ya gitaa kwa kawaida yake haitoi karibu chochote kupita hezi 5000, na ndiyo maana sauti yake ni ya duara. Spika za ukumbini zina tuita zinazokwenda juu mno ya hapo, kwa hiyo kila mkwaruzo wa piki na kila mteremko wa kidole unatoka wazi, kama waya unaokwaruza bati. Shusha kitufe cha toni kwenye gitaa hadi 5 au 6, na kwenye mixa shusha ile ya juu kabisa. Kama una pedali inayoiga ampilifaya na spika, hii ndiyo pedali ya kununua kabla ya nyingine zote. Usiwashe distoshani ukiwa umeingia moja kwa moja bila kifaa cha namna hiyo. Mlio wake ni wa nyuki ndani ya kopo.

Tatizo la pili la kuingia moja kwa moja: pikapu za gitaa zisizotumia betri ni dhaifu, hazikutengenezwa kusukuma tundu la kawaida la mixa. Ukichomeka hivi hivi, sauti inakuwa ndogo na imefunikwa blanketi. Angalia kama mixa yako ina tundu lenye kibonye cha gitaa, mara nyingi huandikwa Hi-Z. Kama haina, tumia kiboksi cha DI, au pitisha gitaa kwenye pedali yoyote iliyowashwa ambayo inatumia umeme, kisha ndiyo uingie kwenye mixa. Na waya mrefu nao unakula trebo. Mita 6 zinatosha. Ukitaka kwenda mbali zaidi, urefu uwe baada ya DI, usiwe kabla yake.

Kwenye mixa ndogo, zile zenye vitufe vitatu tu kwa kila mlango, soma maandishi madogo chini ya vitufe. Mara nyingi ya chini imewekwa hezi 80, ya juu 12000, na ya kati 2500. Tazama tena hiyo 2500. Ni makazi ya konsonanti za mwimbaji. Fundi anayesikia gitaa halitoki akapandisha kitufe cha kati kwenye mlango wa gitaa, amelitoa gitaa na kuyazika maneno kwa mkono mmoja. Afanye kinyume chake: kitufe hicho kwenye gitaa akishushe kidogo, desibeli 2 au 3, akipandishe kidogo kwenye maikrofoni. Gitaa litapungua ukali, lakini litaendelea kusikika kwa sauti zake za hezi 500 hadi 1200, eneo ambalo mara nyingi ni wazi kuliko unavyodhani. Kama mlango una kibonye cha kukata besi, kile chenye namba 75, 80 au 100, kibonyeze kwa gitaa bila majadiliano. Kibonyeze na kwa kila maikrofoni pia.

Mixa ikiwa na kitufe cha kati kinachohama, una bahati. Pandisha kati hiyo kwa wingi, kisha izungushe polepole kutoka 200 kwenda juu wakati bendi inapiga. Kuna mahali gitaa litasikika baya kupita kiasi, linavuma kama ndani ya pipa. Mara nyingi ni kati ya 200 na 400. Simama hapo, sasa shusha badala ya kupandisha. Mara nyingi hicho kimoja kinatosha, na ukimaliza utakuta hata kinanda kimesafika ingawa hujakigusa. Shusha kwanza, kupandisha kuje mwisho, na kuwe kidogo.

Zungumza na mpiga kinanda, kwa adabu. Mara nyingi yeye ndiye mkubwa wa bendi, ndiye aliyetunga muziki, na mkono wake wa kushoto umezoea kupiga besi tangu enzi alipokuwa peke yake. Usimwambie anafunika watu. Mwambie, "Maalim, nikikaa hapa katikati, wewe ungependa kukaa wapi?" Mara nyingi atapandisha sauti ya fidla oktava moja, mkono wa kushoto atamwachia mwenye besi, na hapo umepata nafasi ambayo pesa haiwezi kuinunua. Mkiwa magitaa mawili, mmoja achague pikapu ya karibu na daraja na mwenzake ya karibu na shingo. Msichague moja nyote, hata kama mnaipenda.

Mwangwi upunguze. Ukumbi una mwangwi wake, na kuta za saruji na bati zinarudisha kila kitu. Mwangwi unaopendeza chumbani unamsukuma mpigaji nyuma ya bendi, mbali na watu. Kama unapiga nje, chini ya miembe, kwenye viwanja vya Tibirinzi sikukuu, hapo unaweza kuongeza kidogo, maana hakuna kuta za kukurudishia. Ikiwa una pedali ya kurudia sauti, irudie mara moja au mbili na kwa mwendo wa wimbo. Basi.

Kuna mambo ya kisiwani ambayo vitabu vya ng'ambo havikuandikiwa. Hewa yetu ina chumvi. Nyuzi zikianza kushika kutu zinapoteza mng'aro wake, na mpigaji anafidia kwa kuongeza trebo, ambayo inaongeza makelele tu, haiongezi mng'aro uliokwisha kufa. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga, chini na juu ya uzi, na gitaa lilale ndani ya mfuko wake, lisining'inizwe ukutani linatazamana na dirisha la baharini. Tundu la waya nalo hushika kutu. Sauti inayokatikakatika mara nyingi ni hiyo, wala pikapu haijafa.

Halafu umeme wenyewe. Kwenye jenereta au kwenye waya mrefu uliovutwa kutoka nyumba ya jirani, utasikia mvumo wa hezi 50 na 100. Kibonye cha kukata besi kinapunguza ule wa 50 tu. Chomekeni vyombo vyote vya jukwaani kwenye chanzo kimoja, taa za mapambo ziwe na waya wake peke yake, na mwenye pikapu za koili moja ageuke pembe tofauti mpaka mvumo upungue. Ila nakusihi: usikate mguu wa ethi wa plagi ili kuondoa mvumo. Nimewaona wanaofanya hivyo na kujisifu. Mpigaji ameshika nyuzi, anasogeza midomo kwenye maikrofoni kuitikia, na umeme unapita kati ya viwili hivyo kupitia kifua chake. Bora mvumo.

Mkiwa tayari, weka simu mwisho wa ukumbi, juu ya kiti, urekodi wimbo mmoja mzima wakati wa majaribio. Simu ndogo haina besi, na hilo ni faida, inakuonyesha sauti za kati bila kuficha. Sikilizeni pamoja, pamoja na mwimbaji. Mwulize yeye kwanza kama kila neno limetoka, kisha mwulize asiyepiga chombo chochote, mpishi au mtoto wa jirani, arudie beti mbili alizozisikia. Akizirudia, geukia gitaa: je, lile jibu lako baada ya mshororo wa pili limesikika? Kama halikusikika, pandisha ya kati kidogo, au panda freti tatu juu, mrudie kiitikio. Voliumu iache ilipo.